Kuendesha Treni Ndogo za Zamani Mbele ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota pande zote mbili za kizuizi. Mengine huulizwa na watazamaji, mengine na wenzangu wanaotaka kuleta treni zao kwenye maonyesho kwa mara ya kwanza. Ninaposema "meza ya reli" nina maana ya mpangilio mzima: mbao, reli, nyaya, stesheni ya bati na treni zinazozunguka juu yake. Na "kichwa" ni kichwa cha treni, kile chenye mota au springi ndani.

Treni ya "zamani" ni ya lini hasa?

Hakuna mpaka uliowekwa na mtu. Mimi naanzia 1891, mwaka ambao Märklin wa Ujerumani walipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni zenye reli za upana maalumu, kila upana na namba yake. Tangu hapo mtoto aliweza kupewa kichwa mwaka huu na reli za kuongezea mwaka ujao, na vyote vikakubaliana. Lionel wa Marekani walianza 1900. Hornby wa Liverpool walitoa treni zao za kwanza za kutia ufunguo 1920. Mwaka 1935 Märklin na Trix, Wajerumani wenzao, wakaleta treni za umeme zinazoenea juu ya meza ya kulia, reli zake zikiwa na upana wa milimita 16.5, na 1938 Hornby wakajibu kwa treni zao za upana huohuo, Hornby Dublo.

Naishia 1964, pale kampuni iliyokuwa ikitengeneza Hornby ilipochukuliwa na washindani wake, wenye Tri-ang. Wapo wanaohesabu miaka ya 1970 kuwa zamani pia. Sibishani nao, ila inaniuma kidogo, maana mimi mwenyewe ni wa miaka hiyo.

Kwa nini msiziache kabatini? Kuziendesha si kuziharibu?

Swali hili aghalabu huja na sauti ya lawama, na ninaipenda sauti hiyo kwa sababu muulizaji anazionea treni huruma. Lakini kinachoziua nyingi ni kukaa. Mafuta yaliyolala miongo minne hugeuka gundi, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) hunata, ekseli hushika kutu. Kichwa kinachotembea mara kwa mara na kupanguswa huwa na hali nzuri kuliko ndugu yake aliyefungiwa kwenye kioo. Vinavyochakaa kwa kutembea ni kaboni za mota, viatu vya kuchukulia umeme na raba za magurudumu, na hivyo vilitengenezwa tangu mwanzo ili vibadilishwe.

Rangi ya asili ndiyo haina kipuri. Ikichubuka imechubuka. Kwa hiyo behewa ambalo bado linang'aa kama lilivyotoka kiwandani silipeleki kwenye maonyesho, wala boksi lake la kadibodi. Ninapeleka yale ambayo watoto wa enzi hizo walishayakwaruza. Yanakimbia vilevile, na mimi nalala usingizi.

Meza iwe na ukubwa gani, na iinuliwe kiasi gani?

Upana wa kona ndio unaoamua. Reli za kona za Hornby Dublo zinatoa mduara wenye nusu kipenyo cha inchi 15, na zile za bati za Märklin milimita 360 hivi, kwa hiyo hata meza ya upana wa mita 1.2 inameza njia mbili, moja ndani ya nyingine. Treni za namba sifuri, zile za reli ya milimita 32, zinahitaji nafasi kubwa zaidi. Ukizibana zinaonekana kama samaki kwenye kikombe.

Kuhusu urefu kutoka sakafuni, wanaotengeneza reli za kisasa zinazofanana na mandhari halisi hupenda kuinua meza hadi kifuani mwa mtu mzima. Kwetu hilo ni kosa. Hizi ni treni za kuchezea, na anayezielewa upesi ni mtoto wa miaka sita. Mimi naweka sentimita 80, na pembeni kioo cha plastiki chenye kimo cha sentimita 20. Mtoto anaegemeza kidevu karibu na kioo, jicho lake liko sawa na magurudumu, na treni inapompita unaona kichwa chake kizima kikigeuka nayo. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu naye anaona bila kuomba msaada.

Kwa nini reli ni tatu? Treni ya kweli ina mbili.

Hili ndilo swali namba moja, na sijawahi kumaliza siku bila kulijibu. Umeme lazima uingie kwenye mota kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Ukitumia reli mbili tu, magurudumu ya kushoto na ya kulia lazima yatenganishwe na kitu kisichopitisha umeme, la sivyo ekseli ya chuma inapiga shoti. Zamani hilo lilikuwa gumu na ghali, hasa kwa magurudumu ya bati. Reli ya tatu ya katikati ilimaliza kazi: umeme unaingia kupitia kiatu kinachoteleza juu yake na kurudi kupitia magurudumu yote, bila kujali yako upande gani.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Kwa reli tatu unaweza kuikunja njia irudi ilikotoka, kama kitanzi, na hakuna shoti. Kwa reli mbili, ukifanya hivyo reli ya kushoto inakutana na ya kulia na kila kitu kinazima. Märklin walilishikilia wazo hili wasiliachie. Katika miaka ya 1950 waliificha reli ya katikati, wakaweka vitufe vidogo vya chuma kwenye mataruma, zile nguzo za kulalia reli. Ukitazama haraka unadhani ni reli mbili. Hornby Dublo walihamia reli mbili 1959.

Mlio ule wa kukwaruza unaousikia kwenye meza yetu ni kiatu kikipita juu ya reli ya katikati. Zima taa za ukumbi na utaona cheche za buluu chini ya kichwa. Sio hitilafu.

Nitumie transfoma iliyokuja nayo kwenye boksi?

Hapana. Hapa sina mzaha.

Transfoma ya mwaka 1938 au 1950 ilitengenezwa kwa kanuni za wakati wake. Waya wake wa ukutani mara nyingi una raba iliyofunikwa kitambaa, na raba hiyo ikizeeka hukauka, ikavunjika kama maganda ya mayai pale unapoikunja. Nyingine zina kasha la chuma lisilo na waya wa ardhini. Nyumbani mtu mzima anaweza kujidanganya kwamba atakuwa mwangalifu. Ukumbini kuna watu mia wasiokujua, na mmoja wao atashika. Iweke transfoma ya zamani juu ya meza kama pambo, ukate plagi yake kabisa ili mtu mwenye nia njema asije akaichomeka, na uendeshe kwa kifaa cha kisasa kilichofichwa chini.

Jua kwanza kichwa chako kinakula umeme gani. Hornby Dublo hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, kama wa betri; ukigeuza nyaya, treni inarudi nyuma. Märklin wa zamani na Lionel hutumia mkondo geu, kama wa ukutani ila mdogo. Lionel huenda hadi volti 18 hivi, na kurudi nyuma kwake ni kwa kukata umeme kidogo na kuurudisha: mbele, simama, nyuma, simama, kwa zamu. Märklin hupewa pigo fupi la volti 24 na swichi iliyo ndani ya kichwa inageuka kwa mlio wa "tak". Ukiweka kichwa cha Dublo kwenye njia ya mkondo geu kitanguruma mahali pamoja bila kutembea, na ukikiacha hapo mota itaungua. Kwa sababu hiyo, ukiwa na aina zote mbili kwenye meza moja, zitenganishe kabisa: njia zisigusane, plagi zisifanane.

Kuna hatari moja ambayo hata wazoefu huniuliza kama kweli ipo. Ipo. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukiunganisha mbili kwenye njia moja, kisha ukachomoa plagi ya moja ukutani huku nyingine inawaka, umeme mdogo wa relini unaingia kinyumenyume kwenye ile uliyoichomoa na kutoka kwenye meno ya plagi yake ukiwa mkubwa kama wa ukutani. Plagi iliyolala sakafuni, mtu akidhani imekufa, inaweza kuua. Njia moja, transfoma moja. Zaidi ya hapo tenganisha kila eneo, na kila kitu kizimwe kwa swichi moja kuu.

Mengine ni ya kawaida: breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, iwe kati ya soketi ya ukumbi na meza yako, ekstensheni ya kuzungushia ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita mbili tu, kwa kuwa waya uliojikunja huhifadhi joto hadi ukayeyuka, waya unaopita sakafuni ufunikwe usimkwaze mtu. Waandaaji wengi watataka kuona kwamba vifaa vimepimwa na fundi. Usikasirike nao.

Reli zinasafishwaje?

Kwa kitambaa cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa na tena mchana. Uchafu mweusi unaouona kwenye kitambaa ni mchanganyiko wa mafuta, vumbi na masizi ya cheche. Spiriti isifike kwenye rangi ya kitanda cha reli cha bati wala kwenye behewa lenye picha zilizochapwa juu ya bati. Inalainisha vanishi, na kitambaa kinaondoka na mapambo.

Msasa nautumia pale tu kutu imeshika, na nikiwa nyumbani.

Waya wa chuma wa kusugulia masufuria usiulete hata karibu na ukumbi. Kwenye maonyesho yangu ya kwanza nilizisugua reli kwa waya huo usiku wa kuamkia siku yenyewe, nikajisifu kwa jinsi zilivyong'aa. Kabla ya adhuhuri vichwa viwili vilikuwa vimekufa. Nilipovifungua, sumaku zilikuwa zimeota manyoya: nyuzi ndogondogo za chuma zilizochomoka kwenye waya, zikabaki kati ya mataruma, zikanyonywa na sumaku moja baada ya nyingine mpaka zikaziba nafasi kati yake na sehemu inayozunguka. Nilimaliza siku nikizinasa kwa gundi ya utepe mbele ya watu waliodhani ni sehemu ya onyesho.

Mafuta mangapi?

Machache kuliko unavyofikiri. Chukua sindano ya kushonea, ichovye kwenye mafuta ya cherehani, na kile kinachobaki kikining'inia kwenye ncha ndicho kipimo cha ekseli moja. Wengi humimina. Mafuta yaliyozidi hutambaa hadi kwenye komyuteta, ile duara ya shaba inayoguswa na kaboni, yakachanganyika na unga wa kaboni kuwa tope jeusi linalopitisha umeme mahali pasipotakiwa. Dalili yake ni kichwa kinachotembea polepole huku kinanuka na kupata moto. Dawa yake: toa kaboni, pangusa shaba kwa spiriti, na usafishe mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba kwa kijiti cha kuchokolea meno. Usitumie sindano hapo, inakwaruza.

Treni inakwama mahali palepale kila inapozunguka. Tatizo ni kichwa?

Ikikwama mahali palepale, tatizo ni njia. Ikikwama popote, tatizo ni kichwa. Kanuni hii imeniokolea saa nyingi.

Mahali palepale karibu kila mara ni kiungo cha reli. Pini za bati hulegea kwa kuunganishwa na kutenganishwa miaka yote hiyo, na safari ya kwenye gari huzilegeza zaidi. Bonyeza kiungo kwa kidole wakati treni imesimama juu yake: ikishtuka na kuondoka, umempata mwizi. Koleo ndogo inaibana pini kwa sekunde tano. Kwa njia ndefu, umeme uingizwe sehemu tatu au nne badala ya moja, kwa sababu kila kiungo kinakula kidogo, na upande wa mbali wa mzunguko treni huenda kwa kujikokota.

Angalia pia kama meza imekaa sawa. Sakafu za kumbi zina miteremko ambayo jicho haliioni lakini treni ya mabehewa manne inaiona. Ninabeba vipande vyembamba vya mbao vya kuweka chini ya miguu ya meza, na pima maji.

Kichwa changu kina nguvu kidogo kuliko zamani, na nimeshakisafisha. Kimezeeka?

Yawezekana sumaku imechoka. Vichwa vya mwanzo vya Dublo vina sumaku ya umbo la kwato ya farasi, na sumaku za namna hiyo hupoteza nguvu ukiitoa ile sehemu inayozunguka bila kuziba nafasi yake kwa kipande cha chuma. Kwa maneno mengine, huenda aliyeimaliza ni fundi aliyekuwa anaisafisha. Sumaku iliyochoka hufanya mota ikimbie ovyo ikiwa tupu, ikachukua umeme mwingi na kukosa nguvu ya kuvuta. Wapo mafundi wenye mashine ya kuitia nguvu upya, kazi ya sekunde chache.

Kuanzia hapo usiifungue mota bila sababu. Kuna watu hawawezi kuona skrubu bila kuifungua.

Nimeona kichwa chenye nyufa kila mahali kama tope lililokauka. Kilianguka?

Hakikuanguka. Huo ni ugonjwa wa zinki. Vichwa vingi vya miaka ya 1930, na magurudumu yake, vilimiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa zinki, na palipoingia uchafu kidogo, hasa risasi, madini hayo yanaliwa kutoka ndani. Yanavimba, yanapasuka, mwishowe yanamomonyoka mkononi kama biskuti. Unyevu unaharakisha. Hakuna tiba. Gundi inaficha tu.

Usikiendeshe: gurudumu lililovimba huinua kichwa na kuharibu pointi, pale njia inapogawanyika, na likipasuka njiani treni nzima inalala. Magurudumu mapya hupatikana kwa aina nyingi. Bodi ikiwa imeoza, kiweke kando kipumzike. Plastiki za mwanzo nazo zina kilema chao: bodi za kwanza za Tri-ang hujipinda na kusinyaa, na joto la taa kali za maonyesho haliwasaidii wenye nazo.

Treni za kutia ufunguo zinafaa kwa maonyesho?

Zinafaa kuliko zote, na zinachosha kuliko zote. Treni ya umeme unaiacha izunguke huku unazungumza. Ya ufunguo inataka mtu. Unaitia ufunguo ukiwa umeshika magurudumu kwa mkono mwingine, unasikia springi ikikaza, unaacha kabla ya kufika mwisho kabisa, unaiweka relini, unaachia breki. Inatoka kwa kasi ya wazimu, inazunguka mara kadhaa, inapungua, inasimama popote inapotaka, kwa kawaida ndani ya handaki.

Jambo la kujifunza ni uzito. Kichwa cha Hornby cha miaka ya 1920 kikipewa behewa moja huruka kwenye kona. Kikipewa matatu hutembea kwa adabu. Kwa kila kichwa nimeandika kikaratasi: mabehewa mangapi, mizunguko mingapi ya ufunguo, kinasimamia wapi. Pia kuna vipande vya reli vyenye kiguso cha katikati kinachoinuliwa na kugusa mkono wa breki chini ya kichwa. Ukikiinua kwa wakati wake treni inasimama stesheni yenyewe, na hapo ukumbi mzima hupiga makofi kuliko wanavyopigia kitu chochote cha umeme.

Usiiache magurudumu yazunguke hewani springi ikiwa imejaa. Springi ikikatika ndani ya bati hutoka na kona zake zote, na vidole hukatika pia.

Naweza kuchanganya Märklin, Hornby na Lionel kwenye njia moja?

Kwa kawaida huwezi, hata pale upana wa reli unapofanana. Kiungio cha mabehewa cha kila kampuni kina umbo lake, mdomo wa gurudumu una kina chake, na umeme wake nimeshaueleza. Kuna behewa moja la kuunganishia ambalo nimelifunga kiungio cha aina moja mbele na cha aina nyingine nyuma. Linanisaidia, ila ni jipya. Behewa la asili nisingeligusa.

Vipimo vyenyewe pia vinapishana. Dublo ya Uingereza ni moja kwa 76, treni za bara la Ulaya za upana uleule ni moja kwa 87. Zikikaa sambamba, mtoto wa miaka minane ataona kwamba kichwa cha Uingereza ni kinene, atakuuliza, na itabidi uwe na jibu.

Kwa nini msitumie mfumo wa dijitali?

Kwa sababu itabidi tukate nyaya za asili ndani ya kichwa ili kuingiza kidude cha elektroniki.

Mnaendesha treni ngapi kwa wakati mmoja, na kwa ratiba gani?

Mbili zikitembea, moja stesheni ikisubiri. Zaidi ya hapo mwendeshaji anageuka mtumwa wa swichi, hana macho ya kumtazama aliyesimama mbele yake. Mota za zamani hupata moto, hivyo kila kichwa nakipumzisha baada ya dakika ishirini au thelathini na kukigusa ubavuni. Kikiwa cha moto kiasi cha kutovumilika, kinakaa hadi jioni.

Kanuni yangu moja ambayo siilegezi: kitu kimoja lazima kiwe kinasogea muda wote. Mtazamaji huipa meza yako nafasi ya sekunde chache tu. Akikuta kila kitu kimesimama na wewe umeinama chini ya meza, anaenda kwenye meza ya jirani, na hakosi haki. Ndiyo maana njia ya nje ni duara rahisi isiyo na pointi hata moja. Hapo kuna kichwa kinachoaminika na mabehewa yasiyoacha reli, kinazunguka tu kama punda wa kinu, ilhali madoido yote yanafanyika kwenye njia ya ndani.

Watu: wawili ndani, mmoja nje. Huyu wa nje ndiye anayejibu maswali, na achaguliwe kwa ulimi wake. Badilishaneni kila saa. Mtu aliyechoka huendesha vibaya na hujibu vibaya zaidi.

Watoto wakitaka kugusa?

Wote wanataka, na wazazi pia. Kataza bila kutoa mbadala na utatumia siku nzima kukemea. Mimi nimeweka kitufe kimoja upande wa watazamaji, cha volti ndogo, kinachopiga kengele ya stesheni, na kingine kinachowasha taa ya ishara. Mikono inakwenda huko. Kwa mtoto aliyekaa muda mrefu bila kuchoka namwomba mzazi ruhusa, halafu namwita ageuze kitasa cha mwendo mwenyewe, polepole, mkono wangu ukiwa karibu na swichi kuu.

Asiruhusiwe kushika mabehewa. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na sanamu ndogo za abiria na wapagazi wa stesheni mara nyingi ni za risasi. Mtu mzima aliyezishika anawe mikono kabla ya kula, nasi tukiwemo. Hatuli mezani.

Mkiulizwa ina thamani gani, mnajibu nini?

Sitaji bei mbele ya umati. Naeleza kinachoipandisha: rangi ya asili, boksi, uchache, na kwamba haijaguswa na fundi mwenye brashi. Mara nyingi anayeuliza ana moja darini aliyoachiwa na babu yake, na swali lake la kweli ni kama bado inaweza kutembea. Namwambia asiichomeke ukutani, aje nayo siku ya pili tuipime. Kilichoingia kimefungwa kwenye taulo kikatoka kinatembea ni tangazo bora kuliko bango langu.

Ikiharibika katikati ya siku?

Itaharibika. Ondoa treni yote njiani kwa mkono, weka nyingine, ndipo ushughulike na mgonjwa. Nina kijimeza cha kutengenezea pembeni, mbele ya kioo, si nyuma: bisibisi ndogo tatu, koleo, testa, kaboni za akiba na springi zake, mafuta ya cherehani, spiriti, taa yenye kioo cha kukuzia, na trei yenye kingo ili skrubu isikimbie. Nilianza kukiweka mbele kwa kukosa nafasi, nikagundua kwamba mota iliyofunguliwa inakusanya watu wengi kuliko treni inayotembea.

Mnasafirisha na kufunga vipi?

Kila kichwa kwenye sanduku lake lenye sponji, kikilala jinsi kinavyosimama relini, kamwe si kwa ubavu, maana vishikio na vipini vya bati hupinda. Treni za ufunguo zifunguliwe springi zote kwanza. Springi iliyokazwa wiki nzima hulegea nguvu. Reli zifungwe kwa mafungu, kona peke yake, zilizonyooka peke yake, kila fungu na idadi yake juu ya karatasi. Kadibodi yenye unyevu na bati havipatani, kwa hiyo vikifika nyumbani nafungua masanduku yapate hewa.

Kabla ya kuzima taa, mmoja wetu anapiga magoti na tochi chini ya meza nzima. Juzi alitoka na pini mbili za reli, kaboni moja, na mpagazi wa risasi ambaye tulikuwa tumemtafuta tangu maonyesho ya nyuma yake. Alikuwa amekwama ndani ya bomba la mguu wa meza.